Pamba Masikioni

Katika lugha yetu ya Kiswahili, mtu aliyeziba masikio hasifiwi. Mtoto asiyetii huambiwa ametia pamba masikioni. Mtu mzima aliyeonywa mara tatu akashikilia lake, wazee humfungia mjadala kwa kusema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio kwetu ni mlango wa adabu, na anayeufunga mlango huo amejitenga na wenzake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninapotaka kuzungumza nawe habari za vizibo vya masikio kwa mpanda pikipiki, najua ninaanza na mlima. Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu kabla sijafungua kinywa.

Lakini lugha hiyo hiyo ndiyo iliyokipa chombo hiki jina kutokana na mlio wake. Hatukukiita kwa magurudumu yake mawili wala kwa mwendo wake. Tulikiita pikipiki, na ndugu zetu wa Kongo ya Mashariki wanakiita tukutuku. Waliotangulia kukitambua walikitambua kwa sikio, pengine kikiwa bado nyuma ya kilima. Tumekaa na jina hilo miaka mingi bila kujiuliza swali moja dogo: ikiwa mlio huu una nguvu ya kukipa chombo jina, unamfanya nini yule aliyeketi juu yake kutwa nzima?

Naishi Soweto, hapa Mbeya. Jina la mtaa wetu ni lile la vitongoji vya Waafrika kusini-magharibi mwa Johannesburg, ambavyo dunia nzima ilivijua baada ya tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Nimewahi kufikiri kwamba ugomvi ule, pamoja na mengine yote, ulikuwa ugomvi wa masikio: nani ana haki ya kuamua mtoto asikie nini darasani. Soweto yetu haina historia nzito kama hiyo. Ina maduka, mafundi, soko, vijiwe vya bodaboda, na kelele kuanzia alfajiri hadi usiku.

Kelele hizi si za zamani sana. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa nchi ya sauti za kawaida: upepo wa Loleza, ng'ombe, ngoma, na nyundo za wahunzi. Sauti ya kwanza kubwa kuliko radi iliyoletwa na binadamu huenda ikawa ile ya mizinga ya Wajerumani iliyopiga ngome ya Mkwawa huko Kalenga, karibu na Iringa, mwishoni mwa Oktoba 1894. Miaka 22 baadaye, mwaka 1916, vita vya wakubwa vilirudi tena. Majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasa na Rhodesia hadi kuiteka Iringa mwezi Agosti, na yale ya Smuts yakateremka kutoka kaskazini. Katika jeshi la Smuts walikuwamo askari wa Afrika Kusini waliopanda pikipiki. Ndiyo kusema kwamba chombo hiki kiliingia katika historia ya nchi yetu kikiwa chombo cha vita, miaka mingi kabla hakijawa cha kubebea abiria na gunia la viazi.

Baada ya hapo kelele ziliongezeka hatua kwa hatua. Dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930 ilileta mitambo ya kusaga mawe huko Chunya. Mwezi Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa bandia Rhodesia, mafuta ya Zambia ilibidi yapite kwetu, na malori yakaanza kunguruma usiku na mchana katika barabara ya vumbi ambayo madereva waliibatiza jina la jehanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara hiyo ilikuwa imetiwa lami. Wachina nao walikuwa wakipasua milima kwa baruti kati ya Mlimba na Makambako, wakajenga reli ya TAZARA iliyoanzwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Tuliyashangilia hayo yote, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Maendeleo yalikuja na mngurumo, nasi tukazoea kuamini kwamba penye mngurumo pana maendeleo.

Huko ng'ambo walikuwa wamekwisha kuiona bei yake. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya magonjwa ya mafundi wa kila aina, alieleza kwamba wafua shaba wa Venice walikuwa wakipoteza usikivu kwa kugonga shaba kutwa, na wakizeeka huwa viziwi kabisa. Mwaka 1886 daktari mwingine, Thomas Barr wa Glasgow, aliwapima mafundi 100 waliotengeneza boila za mvuke. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Mafundi wale waliingia ndani ya boila kushikilia ribiti huku wenzao wakizigonga kwa nje. Fikiri mwenyewe kuwa ndani ya pipa la chuma wakati watu wanalipiga kwa nyundo.

Sababu yake leo inajulikana vizuri. Ndani kabisa ya sikio pana kijumba chenye umbo la konokono, na ndani yake mna chembe zenye vinywele vidogo mno, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele huyumba kama majani ya mpunga, na kuyumba huko ndiko hugeuzwa kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Sauti ikizidi nguvu au ikidumu mno, vinywele hulala. Vikipumzishwa mapema huinuka. Ndiyo maana baada ya safari ndefu masikio huvuma usiku, na asubuhi huwa yametulia. Vikilazwa kila siku, hufa. Na vikifa haviote tena. Kuku na ndege wengine huviotesha upya, kama watafiti wa Marekani walivyothibitisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Binadamu hakujaliwa. Jogoo anayetuamsha anaweza kupata sikio jipya; anayeamshwa hawezi.

Tena vinywele vya kwanza kufa ni vile vinavyopokea sauti nyembamba. Mtu hapotezi sauti zote kwa mpigo. Mngurumo wa lori ataendelea kuusikia sawasawa, ila herufi kama s, f, t na sh zitaanza kumponyoka. Atasikia kwamba mtu anasema, lakini hatashika anachosema. Kwa sababu hiyo hujiona mzima, na husema kwamba watu siku hizi wanaguguna maneno.

Sasa tuje kwenye pamba yenyewe. Kuziba sikio kwa makusudi ni jambo la kale. Katika hadithi ya Wayunani, Odysseus aliwaziba mabaharia wake kwa nta ili wasivutwe na nyimbo za mauti. Angalia kwamba katika hadithi ile mtu wa busara ndiye anayewaziba wenzake, na waliozibwa ndio waliofika salama. Mwaka 1907 mfamasia wa Berlin, Max Negwer, aliichukua nta, akaichanganya na pamba, akaanza kuuza vidonge vya kuziba masikio kwa jina la Ohropax. Vilianza kama dawa ya wenye kutafuta usingizi mjini. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, vikapelekwa kwa askari mahandakini.

Katika Vita ya Pili majeshi ya Marekani yalikuwa na vizibo vya mpira vilivyotengenezwa kwa vipimo. Askari wetu wa KAR waliopigana Burma mwaka 1944 walikuwa karibu na mizinga kama askari wengine wote. Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu alikuwapo mzee mmoja aliyerudi kutoka vita hiyo. Tulikuwa tukimsalimu kwa kupiga kelele, naye hujibu jambo jingine. Wakubwa walisema ni uzee. Nikipiga hesabu leo, mzee yule hakuwa amefika miaka 45.

Kizibo ambacho wengi wanakijua, kile cha sponji laini kinachofinywa kwa vidole kisha kinajitanua chenyewe sikioni, kilitokana na utafiti ulioanza mwaka 1967 Marekani, chini ya Ross Gardner, aliyekuwa akitafuta kitu kingine cha kuzuia mitikisiko. Kiliingia sokoni mwaka 1972. Mimi nilikishika mara ya kwanza mwaka 1991, nikiwa bwana shamba. Mhandisi wa mradi mmoja wa maji alinipa jozi ya rangi ya njano nilipokuwa naondoka Mbeya kwa pikipiki ya idara kwenda Makete. Nilifika nikiwa na baridi na vumbi kama siku zote, ila kichwa kilikuwa chepesi. Sikuwa na lugha ya kueleza tofauti hiyo. Nilijua tu kwamba uchovu mwingi niliokuwa nikiusingizia barabara ulikuwa uchovu wa kelele.

Siku hizo pikipiki zilikuwa za watu wachache: bwana shamba, bwana afya, padri, askari, mwalimu mkuu mwenye bahati. Mambo yamegeuka. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, likiwa la waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya boda. Baiskeli zikawa pikipiki. Kwetu Tanzania mafuriko yalianza katikati ya miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Chombo cha bwana shamba kikawa ajira ya vijana. Mimi nilipanda saa mbili, nikashuka kukagua mahindi. Kijana wa leo anaweza kukaa juu ya chombo chake saa 12, siku 6 au 7 za wiki.

Katika kijiwe kimoja cha mtaani kwetu yuko kijana ambaye nimemjua tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi. Ana miaka zaidi ya 30 na miaka 13 ya kazi hiyo. Ekzosi ya pikipiki yake ilitobolewa ili ilie, maana vijana husema chombo kisicholia hakina heshima. Mama yake alikuja kwangu mwaka jana kulalamika. Alisema mtoto amebadilika, ana kiburi. Akiitwa haitiki, akielezwa jambo hulipuuza, akiongea na mke wake hufoka, hata mjukuu anaogopa. "Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa wengi hapa huniita hivyo ingawa sikufundisha darasani, "huyu mtoto ametia pamba masikioni. Mseme wewe, mimi nimechoka."

Nilimwita kijana nikakaa naye. Nilikaa upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikazungumza kwa sauti ya kawaida, wakati mwingine nikigeuza uso asiuone mdomo wangu. Haikuchukua muda. Aliniambia mwenyewe kwamba abiria humwambia Sisimba akaenda Sinde, na kwamba wakipatana bei hasikii kama ni mia sita au mia saba. Alisema usiku kuna filimbi masikioni isiyonyamaza. Alifikiri ni malaria. Nilimpeleka kwa wataalamu wa masikio, wakampima, wakamwonyesha kwenye karatasi mstari unaoteremka kama mlima wa Kitonga mahali pa sauti nyembamba. Waliyokuwa wameyaona wale mafundi wa Glasgow mwaka 1886 alikuwa nayo yeye.

Huu ndio mzigo unaonifanya niandike. Mama alimhukumu mwanawe kwa kutia pamba masikioni, kumbe masikio yalikuwa yanakufa kwa kukosa hiyo pamba. Ni nyumba ngapi zina ugomvi wa namna hii? Mke anadhani hapendwi, mtoto anadhani baba ana hasira, abiria anadhani amedharauliwa. Kiziwi anayezaliwa kiziwi jamii humjua, na ana lugha yake ya alama. Anayepoteza usikivu kidogo kidogo hajulikani hata na nafsi yake. Anaitwa mkaidi.

Nilipowaambia vijana wa kijiwe wavae vizibo, walinicheka kwanza, kisha wakanijibu kwa hoja ambayo ni ya haki na lazima ijibiwe. Walisema: "Mzee, tukiziba masikio hatutasikia honi ya lori. Unataka tufe?" Wengine wakaongeza kwamba trafiki atawakamata. Hoja ya uhai haipuuzwi, basi tuichambue.

Kinachomwumiza mpanda pikipiki katika mwendo mkubwa si injini. Ni upepo. Ukipita kiasi cha kilomita 65 kwa saa, mvumo wa upepo unaopiga kofia ngumu huushinda mlio wa injini. Wapimaji wa Uingereza walioweka vinasa sauti vidogo ndani ya kofia katika miaka ya 1990 walikuta kwamba kwenye mwendo wa kilomita 80 sauti sikioni hufika karibu desibeli 90, na kwenye kilomita 160 karibu 110. Ndani ya mvumo huo honi humezwa. Kizibo hupunguza vyote viwili, mvumo na honi, lakini honi hubaki juu ya mvumo kwa kiasi kile kile, na sikio lisiloelemewa huitambua vizuri zaidi. Ni kama miwani ya jua. Miwani hupunguza mwanga, lakini katika jua kali anayeivaa ndiye anayeona barabara.

Hata hivyo, ukweli una upande wa pili. Mtaani, kwenye mwendo wa kilomita 30, kati ya Soweto na Mwanjelwa, upepo ni mdogo, na unahitaji kusikia mtoto anayekimbia mpira na mama anayeita "boda!" Huko kizibo kizito si rafiki. Na kwa mtu ambaye usikivu wake umekwisha kupungua, kama kijana wangu, kizibo kizito humnyima hata kile kidogo alichobakiza. Kwa hiyo swali lenyewe ni kizibo gani, kwa safari gani, na kwa sikio la nani.

Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri kwamba sikio liweze kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: desibeli 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 robo saa. Sasa chukua barabara ya Mbeya kwenda Iringa: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, zaidi ya kilomita 300. Kwa mwendo wa kilomita 80 utakuwa juu ya chombo zaidi ya saa 4, katika desibeli 90 au karibu. Posho ya sikio lako ya siku nzima imekwisha kabla hujamaliza safari. Kwa mwendo wa kilomita 100 pale tambarare za Igawa, sikio limemaliza posho yake kwa nusu saa.

Pakiti ya vizibo vya sponji huandikwa namba, mara nyingi 30 na kitu. Usiiamini moja kwa moja. Namba hiyo ilipatikana maabara, kizibo kikiwa kimevishwa kwa uangalifu. Wakaguzi wa Marekani wana kanuni ya tahadhari: toa 7, kisha gawa kwa 2. Kizibo chenye 33 kwa hesabu hiyo kinakupa 13. Desibeli 97 toa 13 ni 84. Umepita chini ya mstari kwa desibeli moja. Hiyo ni hesabu ya mtu anayevaa vibaya. Anayevaa vizuri hupata zaidi, na kuvaa vizuri hakuna gharama.

Kuvaa vizuri ni hivi. Nawa mikono kwanza, hasa kama umeshika mnyororo na oili. Kivingirishe kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, kisha shikilia kwa kidole mpaka kijitanue, kiasi cha nusu dakika. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya sponji huwa ngumu kwa baridi. Ishike kiganjani kwanza ipate joto. Mwishowe hakikisha hakijitokezi nje, maana kofia ngumu ikipita juu yake itakichomoa au itakiumiza sikio. Kikichafuka, tupa. Sponji chafu ni njia ya kuingiza uchafu pasipotakiwa.

Vile vya mpira au silikoni vyenye visahani vitatu vinaoshwa na kutumika miezi mingi, na huvaliwa kwa haraka. Vinafaa kwa anayeshuka na kupanda mara kwa mara, ingawa masikio mengine huviona vigumu chini ya kofia. Aina ya tatu ina kichujio katikati, tundu dogo linaloruhusu sauti kupita kwa kiasi. Chimbuko lake ni vizibo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1988, ili mpiga muziki apunguze sauti bila kuiharibu. Kwa bodaboda wa mjini hii ndiyo ningeichagua, kwa kuwa anasikia maneno ya abiria na honi, huku makali yamekatwa. Bei yake ni kubwa kuliko sponji, na upatikanaji wake huku kwetu ni mgumu.

Pamba kavu, ile ya methali, haifai kitu. Sauti hupita ndani yake kama maji kwenye kikapu. Na hedifoni za simu ambazo vijana huvaa chini ya kofia hazilindi. Ili muziki ushinde upepo ni lazima uwe mkubwa kuliko upepo, basi sikio linapigwa mara mbili. Tena ekzosi iliyotobolewa hakuna kizibo kinachoiponya kwa wengine. Aliyekaa juu yake anaweza kuziba masikio yake, lakini mgonjwa aliyelala nyumba ya jirani hakuulizwa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Fundi aliyeitoboa anaweza pia kuirudishia.

Nimejiuliza kwa nini jambo rahisi hivi halijulikani. Kofia ngumu nayo ilikuwa hivyo. Mwaka 1935 Mwingereza maarufu T. E. Lawrence alikufa kwa ajali ya pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuliacha suala hilo. Mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya vichwa vya waendesha pikipiki wa jeshi, na jeshi la Uingereza likaanza kuwavisha kofia. Raia wa nchi hiyo walilazimishwa na sheria mwaka 1973. Ilichukua miaka 38 kutoka kifo kimoja hadi sheria. Leo na sisi kofia ni sheria. Lakini sikio halivuji damu barabarani. Hakuna maiti, hakuna picha gazetini, na kwa hiyo halina daktari wake wa kulipigania.

Sheria yetu inamjua mfanyakazi mwenye mwajiri. Ilikuwapo Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, na mwaka 2003 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Ndiyo maana katika migodi mikubwa utawakuta watu na vizibo masikioni, na asiyevaa haingii. Bodaboda mwajiri wake ni nani? Mwenye chombo anadai hesabu ya kila siku. Abiria analipa nauli. Serikali inatoa leseni. Kila mmoja anapata chake, na masikio yanabaki ya kijana peke yake. Vyama vya bodaboda vipo, shule za udereva zipo, na mafunzo ya kofia hutolewa. Sioni kinachozuia somo la dakika tano juu ya masikio kuongezwa hapo.

Kijana wangu sasa anavaa vile vyenye kichujio akiwa mjini, na sponji akitumwa Makambako au Iringa. Ekzosi aliirudishia. Alichokipoteza hakitarudi, na wataalamu walimwambia hivyo bila kuficha. Wanachojaribu ni kumlindia kilichobaki. Mama yake nilimweleza kwa siku mbili. Alinyamaza sana. Kisha aliniuliza kama inatosha kumwita kwa kumgusa bega badala ya kumpigia kelele. Nikamwambia inatosha, tena ni bora.

Mimi si mtu wa kusahihisha methali za wahenga. Pamba ya ukaidi iendelee kulaumiwa. Lakini ipo pamba nyingine, ya sponji au ya mpira, ambayo niliinunua jozi moja kwa bei isiyofika ya lita moja ya petroli, na kazi yake ni kumwezesha mtu aendelee kuitika akiitwa. Ukimwona mpanda pikipiki anaivaa kabla ya kuondoka, usimwone mkaidi. Na ukimwona asiyeivaa, anayekujibu lisilo lake, kabla hujamwita jeuri, sogea karibu, umtazame usoni, useme tena polepole.